Safu ya Tano

Mwaka 1984 nilipangiwa kazi ya ugani katika kijiji kimoja jirani na Kongwa. Nilikabidhiwa baiskeli, kamba ya kupimia nafasi za mimea, na daftari kubwa la jalada gumu. Kongwa wakati ule haikuwa wilaya, ilikuwa bado chini ya Mpwapwa, na mimi nilikuwa na miaka 23, ila kila mtu aliniita bibi shamba kana kwamba nina wajukuu. Baiskeli ilikatika fremu mwaka wa pili. Kamba ilitafunwa na panya. Daftari ninalo hadi leo.

Ukurasa wake wa kwanza una safu tano nilizozichora kwa rula. Chuoni tulifundishwa kwamba wakulima wa kijiji chochote wakiletewa mbegu mpya au dawa mpya, hujigawa makundi matano. Mbele kabisa wako wathubutu, 2.5 katika kila 100. Wanafuatwa na watangulizi, 13.5. Halafu wengi wa mwanzo, 34, na wengi wa baadaye, 34. Mkiani wamekaa wachelewaji, 16. Tulizikariri tarakimu hizo kama jedwali la kuzidisha. Aliyezitoa, tuliambiwa, ni mwanazuoni wa Marekani, Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 kitabu kuhusu namna jambo jipya linavyosambaa katika jamii. Kitabu chenyewe hatukukiona. Tulikuwa na kurasa mbili za dondoo zilizopigwa chapa kwa stensili, wino wake ukichafua vidole.

Kazini, safu ya tano haikuitwa ya wachelewaji. Iliitwa ya wagumu, na wakubwa wangu walitaka majina. Kaya nilizokabidhiwa zilikuwa 50. Asilimia 16 ya 50 ni wanane, nami nikaandika wanane. Jina la kwanza lilikuwa la mzee mmoja wa Kigogo ambaye shamba lake lilikuwa kando ya barabara, kiasi kwamba kila mgeni aliyekuja kukagua kazi yangu aliliona kabla hajaniona mimi.

Kosa lake lilikuwa kuikataa Serena. Huo ni mtama mfupi wenye punje za kahawia, uliozalishwa katika kituo cha utafiti cha Serere, Uganda. Unakomaa mapema, kwa hiyo unaiva kabla mvua ya Dodoma haijakata. Na kwelea kwelea, wale ndege wanaoshuka kama wingu na kumaliza shamba asubuhi moja, wanaukwepa kwa sababu punje zake zina ukakasi. Kwa hesabu za kwenye karatasi hapakuwa na mbegu ya kuishinda. Nilimwendea mzee mara nne. Mara ya nne, baada ya salamu za mbukwenyi na habari za ng'ombe, alichota punje chache katika mfuko niliomletea, akazitafuna polepole, akazitema pembeni.

"Mwanangu," akasema, "ndege wameonja wakakataa. Sasa umeniletea mimi. Kwa maoni yako, kati yangu na ndege, mwenye akili ni nani?"

Wajukuu zake walicheka mpaka wakalala chini. Nilirudi nyumbani nikaandika: "Mgumu. Hashauriki."

Mwaka ule alipanda lugugu, mtama mrefu wa babu zake, na uwele kidogo. Mkewe alinieleza baadaye, tukiwa wawili kisimani, kwamba Serena wanaifahamu vizuri na kwa pombe haina mpinzani. Ila ugali wake ni mwekundu, unakaba, na watoto hawaumalizi. Hilo sikuliandika popote. Daftari halikuwa na mahali pake.

Kitabu cha Rogers nilikuja kukisoma mwaka 2001, nilipokwenda kuongeza elimu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mama wa watoto watatu niliyekaa dawati moja na vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Nadharia niliikuta vilevile nilivyoikariri. Nilichokuwa sijaambiwa ni kwamba mwenye nadharia alikuwa mtoto wa mgumu.

Alizaliwa mwaka 1931 katika shamba la familia yake karibu na mji wa Carroll, jimbo la Iowa, katikati ya nchi ya mahindi. Baba yake alipenda mashine, na chombo kipya cha chuma au cha umeme kilipata nafasi kwake bila ubishi. Lakini mbegu chotara za mahindi hakuzitaka. Majirani walizipanda, yeye akabaki na zake. Ikaja kiangazi cha 1936, ukame mkali. Mahindi ya jirani yalisimama wima, ya kwake yakanyauka, na mtoto wa miaka mitano akiyaona yote mawili. Baba akabadili mbegu.

Mtoto huyo hakuwa na mpango wa kwenda chuo kikuu. Mwalimu wake wa sekondari aliwapakia wanafunzi kadhaa kwenye gari, akawapeleka mji wa Ames kuona chuo kikuu cha jimbo, naye akapapenda. Akasoma kilimo, akaenda jeshini wakati wa vita vya Korea, akarudi palepale Ames kusomea sosholojia na takwimu. Swali alilokuwa nalo, kwa maneno ya kwangu, ni lile la nyumbani kwao: kwa nini mtu mwenye akili timamu aone kitu kizuri kwa jirani na bado akikatae?

Hakuwa wa kwanza kuuliza. Watafiti wawili wa hapohapo Iowa, Bryce Ryan na Neal Gross, walikuwa wameshahoji wakulima 259 katika jumuiya mbili za jimbo hilo, na mwaka 1943 wakachapisha matokeo. Mbegu chotara iliwafikia wakulima hao tangu 1928. Miaka mitano ya kwanza ilitambaa: kufikia 1933 mmoja tu katika kila kumi alikuwa ameipanda. Miaka mitatu iliyofuata ikaruka mpaka wanne katika kumi. Kufikia 1941 wamebaki wawili tu kati ya wote 259. Ukichora mwendo huo kwenye karatasi unapata herufi S iliyolala upande.

Mimi husimama zaidi kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Wakulima wale hawakuwa wavivu wa kusikia. Wengi walishaijua ile mbegu miaka mingi kabla ya kuipanda. Habari waliletewa na wauzaji wa mbegu, lakini aliyewafanya waamini ni jirani. Na hata walipoamini hawakupanda shamba zima, walijaribu kwanza kipande kidogo. Walikuwa na sababu ya kuchelea, maana mbegu chotara ukiivuna huwezi kuirudisha ardhini mwaka wa pili ikazaa vilevile, lazima urudi dukani kununua. Mkulima wa Iowa aliyezoea kuchagua mahindi bora ya mbegu kwa mikono yake, akijivunia jicho lake, alikuwa anaombwa aache ujuzi huo na kumkabidhi mwenye duka. Lugha yetu ina methali mbili kwa mtu wa namna hii, na zinagombana. Moja inasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, nyingine inasema kawia ufike. Chuoni tulifundishwa ile ya kwanza peke yake.

Ndipo nikafika kwenye zile asilimia, na hapo niliweka kalamu chini. Miaka 17 nilidhani 16 ile imetokana na kuhesabu watu wagumu duniani. Kumbe imetokana na rula. Rogers aliwapanga watu kwa muda waliochukua kupokea jambo, mchoro wake ukawa na umbo la kengele, akakata kengele kwenye wastani na kwenye hatua sanifu za kitakwimu kutoka wastani huo. Kwa mkato huo, mkiani itabaki 16 daima. Hata kijiji kizima kikipokea mbegu ndani ya wiki moja, watu wa Jumamosi na Jumapili watakuwa wachelewaji. Wale wanane wangu niliwaandika kwa sababu hesabu ilidai wanane.

Neno la Kiingereza alilowapa watu wa safu ya tano nalo ni baya. Ni la mtu anayejikokota nyuma ya msafara. Mwenyewe alikiri kitabuni kwamba linasikika kama tusi, na kwamba kosa linaweza kuwa la mfumo, si la mtu. Alikiri, na neno akaliacha palepale toleo baada ya toleo: 1962, 1971, 1983, 1995, 2003. Hapo simsamehe sana.

Lakini kuna kisa kimoja alichokisimulia dhidi yake mwenyewe, na kwa kisa hicho ninamheshimu. Mwaka 1954 alikuwa akikusanya habari za tasnifu yake katika jumuiya ya Collins, Iowa. Alitaka kujua nani ameanza kutumia dawa mpya ya kuua magugu, pamoja na pembejeo nyingine za kisasa. Akamkuta mkulima aliyekataa kemikali zote. Sababu yake? Zinaua minyoo ya ardhini na ndege waimbao shambani. Kijana Rogers, kwa kipimo alichotumwa nacho, akamwona mtu huyo hana busara na kumpa alama za chini. Miaka ikapita. Marekani nzima ikaanza kuzungumzia sumu za mashambani, na watu wa mjini wakawa wanalipa bei ya juu kwa chakula kilicholimwa bila dawa. Rogers akageuka nyuma akamwona mkulima wake wa Collins alikosimama: mbele ya wathubutu wote. Safu ya tano ilikuwa imemmeza mtu aliyewatangulia wenzake kwa miongo.

Huko ndege, huku ndege. Nilikifunga kitabu nikamkumbuka mzee wangu.

Maana mzee alikuwa na sababu nyingine, ambayo alinipa mwaka 1987, siku nilipokwenda kumuaga. Alinipeleka nyuma ya boma, akanionyesha kipande cha mnyororo kilichoota kutu, kila pete nene kama mkono wa mtoto. Alikuwa kijana Waingereza walipokuja Kongwa mwaka 1947 na mpango wao wa karanga. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, ili Uingereza, iliyotoka vitani na njaa ya mafuta ya kula, ipate karanga. Walileta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na minyororo ya meli ya kung'olea vichaka. Mzee alifanya kazi ya kibarua, kukusanya visiki. "Tuliwaambia udongo huu mvua ikiisha unakuwa tofali," alisema. "Wakatucheka." Udongo ukawa tofali kweli, karanga zikabaki ndani yake kama zimejengewa. Mvua za Kongwa nazo zikafanya kawaida yake ya kutokuja. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuachana na mpango huo, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Akanitazama. "Wewe ulipokuja na kamba yako, niliona mnyororo mdogo."

Kwa lugha ya Rogers, watu hupima jambo jipya kwa kuuliza kama lina faida kuliko la zamani, kama linapatana na maisha yao, kama linaeleweka, kama laweza kujaribiwa kidogo, na kama matokeo yake yanaonekana kwa macho. Mzee alikuwa ameuliza yote matano, na la sita ambalo kitabu hakina: aliyelileta safari iliyopita alituacha na nini?

Kuhusu jambo kupatana na maisha ya watu, Rogers alikitumia sana kisa cha Los Molinos, kule Peru. Mhudumu wa afya alihangaika miaka miwili akiwafundisha wanawake wa kijiji kuchemsha maji ya kunywa. Kati ya familia 200, aliwapata akina mama 11. Wengine hawakuwa wajinga wa vijidudu tu, bali kwa mila yao maji yaliyochemshwa ni ya wagonjwa, na mzima kuyanywa ni kujitangazia ugonjwa. Nilipokisoma nilifikiria ugali mwekundu wa Serena, na mama wa kisimani, na daftari.

Sasa nije kwenye redio, ambayo ndiyo iliyomleta Rogers kwetu kikwelikweli.

Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, jioni. Mtindo wake ulitokana na kazi ya Miguel Sabido, mtengenezaji wa tamthilia za televisheni wa Mexico: kwenye hadithi kuna mtu mwema, kuna mtu mbaya, na katikati kuna anayeyumba kati yao, na msikilizaji anajifunza kwa kumfuata huyo wa katikati. Mbaya wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake njia nzima. Mkewe Tunu ndiye wa katikati, aliyevumilia mpaka akachoka, akaanzisha biashara yake ndogo, akaondoka. Ndani ya hadithi hiyo mlifungwa uzazi wa mpango na UKIMWI. Rogers, wakati huo profesa Chuo Kikuu cha New Mexico, alishirikiana na watafiti wenzake, Watanzania wakiwemo, kupima kama mchezo wa redio unaweza kubadili watu. Kila mwaka kwa miaka mitano kaya zipatazo 2,750 zilihojiwa.

Mimi nilikuwa nimeshahamia Dodoma mjini. Na Twende na Wakati sikuusikia.

Nilifikiri ni redio yangu. Nikabadilisha betri, nikaning'iniza waya dirishani. Ndugu yangu wa Morogoro aliniandikia barua ndefu kuhusu Mkwaju kana kwamba ni shemeji yetu aliyetutia aibu. Madereva wa malori waliolala Kibaigwa wakielekea Singida na Mwanza waliusimulia vipande vipande, na mama mmoja wa mgahawa pale aliwauliza kila wakirudi: Tunu ameshaondoka? Mjini kwetu wanawake walianza kuwaita wanaume fulani Mkwaju kabla hawajawahi kusikia sauti yake hewani. Hadithi ilitufikia kwa njia ileile iliyowafanya wakulima wa Iowa waamini, kwa mdomo wa jirani.

Mwaka 2001, katika maktaba ya Sokoine, nilikuta makala iliyochapishwa 1999. Ilieleza kwamba mchezo ulirushwa na mitambo ya Radio Tanzania nchini, isipokuwa Dodoma. Hapo, kuanzia 1993 hadi 1995, mtambo ulirusha vipindi vingine katika muda huo, ili pawepo eneo la kulinganishia. Ndivyo utafiti wa kisayansi ulivyo. Usipokuwa na shamba ambalo halikutiwa mbolea, utajuaje kwamba mbolea imefanya kazi? Mimi mwenyewe nimeacha matuta bila mbolea maisha yangu yote na sikuyaomba radhi. Na matokeo yalikuwa mazuri: penye mchezo, watu walizungumza zaidi na wenzi wao na marafiki kuhusu uzazi wa mpango, wakajiamini zaidi kwamba ukubwa wa familia ni jambo la kupanga, na wakautumia zaidi. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa.

Ila nilikaa mbele ya jedwali la matokeo hayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa pili wa safu. Mtu ambaye angepita Dodoma mwaka 1994 na daftari kama langu, akiuliza wanawake wangapi wanatumia njia za kisasa, wangapi wamezungumza na waume zao, angetukuta nyuma ya wenzetu wa mikoa mingine. Angeandika nini kutuhusu? Ningekuwa mimi ningeandika: wagumu. Na swichi ilikuwa mahali pengine kabisa.

Tangu siku ile nilianza kupitia upya majina yangu manane. Mmoja hakupanda kwa nafasi kwa sababu alikuwa hana mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba. Alikuwa mjane, watoto wako Dar es Salaam. Wawili hawakutumia mbolea kwa sababu ilifika Machi, mvua inaaga. Kuna aliyesema "nitaona mwakani" kila mwaka, na huyo, niseme kweli, alikuwa mvivu. Mmoja katika wanane.

Everett Rogers alifariki Albuquerque, New Mexico, tarehe 21 Oktoba 2004. Mzee wangu wa Kongwa alitangulia miaka michache kabla yake. Wajukuu zake wanalima mtama mweupe wa mbegu ya kisasa, unaouzika sokoni, na pembezoni wameacha mistari michache ya lugugu. Nilipowauliza kwa nini, walinijibu kwamba babu alisema isipotee.

Nilistaafu mwaka 2021. Maafisa ugani wa sasa wanatembea kwa pikipiki na kuandika wakulima kwenye vishikwambi. Mmoja wao, kijana hodari, alinionyesha fomu yake: jina, ekari, zao, mbegu, mbolea, ndiyo, hapana. Inajazwa kwa kugusa tu. Ninaomba jambo moja kwa wanaozitengeneza fomu hizo. Palipo na neno "hapana", ongezeni nafasi ya kuandika mkulima alisema nini, kwa maneno yake. Na iwe pana, maana wengine wana mengi ya kusema.